SALME: KIPANGA WA MTONI ALIYEJIFUNZA KUANDIKA KWA SIRI, NA DADA ALIYEMPENDA KULIKO KITU CHOCHOTE

Leo tunaacha kidogo habari za nani kaachana na nani, ingawa ukisoma mpaka mwisho utaona na humu kuna umbea wa kutosha, tena wa ikulu.

Kila aliyesoma anamjua yule msichana. Kila darasa lilikuwa naye mmoja. Anakaa mbele, daftari lake halina hata kona moja iliyokunjika, mwalimu akiuliza swali mkono wake uko juu kabla swali halijaisha. Yule kipanga. Na kama ulikuwa karibu naye unajua kitu kingine: kipanga huwa ana mtu wake mmoja ambaye akimwambia ruka, anaruka. Anaweza kuwa mwalimu wa Kemia, anaweza kuwa dada mkubwa au shangazi. Huyo mtu akimsifia, wiki nzima anatembea kama hagusi ardhi. Akimnunia, hata chakula hakipiti. Ndiyo maana watu wanampenda yule Hermione wa kwenye Harry Potter, msichana wa vitabu kwenye shule ya uchawi. Sio kwa sababu ya uchawi. Ni kwa sababu tumesoma naye.

Sasa mimi nataka niwaletee Hermione wa kwetu, wa kweli, aliyezaliwa na kukua hapa hapa pwani. Na alizaliwa Mtoni.

Najua watu wa Temeke mmeshaanza kushangilia, jamaa wa Mtongani na Kwa Azizi Ali tulieni kwanza. Ni Mtoni ya Unguja, ile ya kaskazini ya mji, ukiwa kwenye barabara ya kwenda Bububu. Sisi tuna mto wetu na wao wana wao. Kwao palikuwa na jumba la mfalme linaitwa Beit al-Mtoni, na ndani yake tarehe 30 Agosti 1844 akazaliwa binti aliyeitwa Salme.

Baba yake ni Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, yule aliyehamisha makao yake kutoka Muscat akaja kukaa Unguja na kujaza visiwa mikarafuu. Mama yake ni Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyeletwa ikulu akiwa mtumwa. Hapo tusipapite haraka. Watu wakisikia neno "binti mfalme" wanawaza gauni na taji, lakini mama wa huyu binti alinyang'anywa kwao akiwa mdogo, na utajiri wote ule wa karafuu ulibebwa na migongo ya watumwa. Salme mwenyewe alikua akiona hali hiyo ni ya kawaida kabisa, na ukubwani aliandika maneno ya kuutetea utumwa ambayo mimi siyakubali hata kidogo. Ndivyo alivyokuwa. Kipanga anaweza kujua mambo mengi na bado asione kilichopo mbele ya pua yake.

Jumba la Mtoni lilikuwa kama mtaa mzima. Yeye anasema watu karibu elfu moja waliishi pale, ukihesabu wake, watoto, watumishi na watumwa. Uani walitembea tausi, swala, mbuni na korongo wa rangi ya waridi. Watoto walikuwa wengi kiasi kwamba kuna ndugu zake alikuja kuwafahamu wakiwa wakubwa. Na yeye alikuwa mtundu balaa. Siku moja alipanda mnazi mrefu mpaka juu, bila ile kamba ya miguuni wanayotumia wakwezi, halafu akiwa huko kileleni akawa anawasalimia kwa furaha watu wanaopita chini. Watu walichanganyikiwa. Kwa hiyo usimfikirie kama mtoto mpole wa kujikunja kwenye kona na kitabu. Kaka yake Majid, ambaye Salme na mama yake walihamia kukaa naye mjini kwenye nyumba ya Beit al-Watoro akiwa na umri wa miaka kama 7, alimfundisha kupanda farasi, kulenga shabaha na kupigana kwa upanga. Mshike sana huyo Majid. Kwanza alimpenda mdogo wake kwelikweli, pili ndiye aliyekuja kuanzisha mji wetu wa Dar es Salaam kwenye miaka ya 1860, pale Mzizima. Kila ukipanda mwendokasi Kivukoni ujue unatembea kwenye wazo la kaka yake Salme.

Sasa tuje kwenye elimu.

Watoto wa ikulu walisomeshwa Kurani na mwalimu wa kike aliyetoka Oman, mkali, na fimbo yake ilikuwa haipumziki. Wavulana walijifunza kusoma na kuandika. Wasichana walijifunza kusoma, wakaambiwa basi, inatosha. Msichana hakutakiwa kuandika. Unaweza kuuliza kwa nini, na jibu utalipata mwenyewe ukiwaza kidogo: anayesoma anapokea, anayeandika anatuma. Msichana anayeandika anaweza kupeleka barua kwa mtu asiyemhusu. Anaweza kuzungumza na dunia bila kupita kwa baba, kaka wala mlinzi wa mlangoni. Ni kama leo mzazi anavyokubali uangalie video kwenye simu yake, lakini simu yako mwenyewe yenye namba ya siri, hapana.

Na kuna kitu kingine ambacho watu wa mjini mnaweza mkakisahau. Enzi zile pwani yetu kalamu yenyewe ilikuwa na uganga ndani yake. Mtu akiugua, fundi anachukua sahani nyeupe, anaandika aya kwa zafarani, anaosha kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Kombe hilo, na usijifanye hulijui, maana hata huku Temeke bado linanyweka. Hirizi ni nini kama sio maandishi yaliyokunjwa na kushonewa ndani ya ngozi au kitambaa? Mwenye kujua kuandika alikuwa na mguu mmoja kwenye elimu na mwingine kwenye mambo ya siri. Salme alikulia humo. Kwenye kitabu chake anaeleza habari za kunywa maandishi, za watu wanaopandisha pepo, na za waaguzi waliokuwa wakiitwa mpaka ndani ya ikulu.

Kuna kisa kimoja kinasisimua. Baba yao alikuwa safarini Oman, siku zinaenda na meli hazionekani, wanawake wa ikulu roho juu. Akaletwa mwanamke mwaguzi aliyesemekana ana mtoto tumboni asiyezaliwa, na huyo mtoto ndiye anayeona mambo na kuyasema kutoka humo humo tumboni. Wakakaa wote kimya, sauti ikatoka, ikawapa habari za meli. Fikiria chumba kizima cha wanawake waliovaa dhahabu wanatega masikio kwenye tumbo la mtu. Meli zilikuja kweli, ila zilikuja na maiti. Seyyid Said alifariki baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba 1856. Salme alikuwa na miaka 12.

Katikati ya dunia hiyo, Salme akaamua atajifunza uganga uliokatazwa kwa wanawake. Sio wa tumboni, wa kalamu.

Hakuwa na daftari. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana, ambao watoto wa pwani walikuwa wanautumia kama ubao. Akatafuta wino na kalamu ya mwanzi. Akafungua Kurani, akawa anaangalia herufi moja moja na kuziiga kwenye mfupa, peke yake, kwa kujificha. Anafuta, anaanza tena. Wadau, sisi tulinunuliwa daftari na bado tulikuwa tunadesa. Huyu alikuwa anadesa Kurani yenyewe kwenye mfupa wa ngamia, bila mwalimu, akijua akikamatwa itakuwa kesi.

Alipoona ameshika kidogo akataka mwandiko wake uwe mzuri. Hapo akamtafuta mwalimu wa siri: mtumwa mmoja aliyekuwa amesoma. Huyo ndiye aliyemnyoosha mkono mpaka herufi zake zikasomeka. Habari zikaja kuvuja, watu wakamsema sana, na Salme anasema hakujali.

Yeye kweli hakuwa na sababu kubwa ya kujali. Binti wa sultani atasemwa, atanuniwa, yataisha. Mwalimu wake je? Mtumwa anayemfundisha binti wa ikulu jambo lililokatazwa, faragha? Kitabu kizima cha Salme kimejaa majina. Ndugu, mama wa kambo, majumba, mashamba, yote yametajwa. Huyu aliyempa kalamu amepata sentensi chache tu na jina hana. Mimi kila nikiisoma historia hii nasimama hapo. Tungependa sana kipanga wetu awe anamtukuza mwalimu wake, ampambe kwa maneno, kama kwenye filamu. Lakini mtukufu wake alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mtukufu wake alikuwa Khole.

Khole alikuwa dada yake kwa baba, mkubwa kwake, na uzuri wake ulikuwa habari ya mji. Ndani ya familia walimpa jina la nyota ya asubuhi. Salme anasimulia kisa ambacho kingetokea leo kingekuwa kinazunguka kwenye simu za watu mwezi mzima. Kulikuwa na ngoma ya Waarabu chini ya madirisha ya Beit al-Sahel, wageni kutoka Oman wanacheza na mikuki. Jamaa mmoja akainua macho akamwona Khole dirishani. Akaganda. Akiwa ameganda hivyo hivyo akauchomeka mkuki wake kwenye mguu wake mwenyewe, damu inatoka na yeye hana habari, mpaka wenzake walipomshtua. Khole wala hakuwa amefanya kitu, alikuwa tu dirishani, na ndugu zake wakamlaumu yeye.

Lakini hakuwa sura tupu. Baba yake alimwamini kiasi cha kumkabidhi funguo za ghala na hazina ya nyumba. Katika jumba lenye wanawake wote wale wanaogombea sikio la mzee, funguo kukaa kiunoni kwa binti mmoja ni jambo kubwa, na maadui hawakukosekana. Salme alipohamia Beit al-Tani, karibu na hilo jumba kubwa la pwani, akawa anaishi na Khole. Ndiyo hapo alipozama. Kwa Salme, Khole alikuwa dada, rafiki, na kioo cha kujitazama. Kwenye kitabu chake anapomfikia Khole, hata namna ya kuandika inabadilika. Anamwandika kama mtu anayefungua sanduku la vitu vya marehemu.

Na nadhani naelewa kwa nini. Msichana mwenye kichwa kizuri mara nyingi anakuwa mpweke. Anajua vitu ambavyo wenzake hawavijui, kwa hiyo hana wa kucheka naye. Akija mtu mkubwa, mzuri, anayeheshimiwa, akamwambia "wewe njoo hapa, nataka tuzungumze", basi. Amekwisha. Atampa yule mtu kila alichonacho, na kitu cha thamani zaidi alichonacho ni kile alichokipata kwa jasho lake.

Mwaka 1859 mama yake Salme akafariki kwa kipindupindu. Binti ana miaka 15, baba hayupo, mama hayupo. Na mwaka huo huo ndugu wakaanza kutazamana vibaya.

Baada ya Seyyid Said kufa, Zanzibar ilibaki kwa Majid. Kaka mwingine, Barghash, hakukubali, akawa anapanga kumpindua. Khole akawa upande wa Barghash, tena mstari wa mbele kabisa. Hebu muone Salme alivyobanwa. Upande huu kuna Majid aliyemlea, aliyemfundisha upanga na farasi, ambaye hajamkosea chochote. Upande ule kuna Khole. Salme mwenyewe anaandika kwamba alisita, moyo ukavutwa huku na huku, na mwisho mapenzi kwa dada yake yakashinda. Hakusema alishawishika na hoja za Barghash. Hakusema Majid alikuwa mtawala mbaya. Alimfuata Khole kwa sababu ni Khole.

Na alipoingia wakamkuta na kitu ambacho kundi zima lilikuwa linakihitaji. Huwezi kupanga mapinduzi bila barua. Huwezi kumpa mwandishi wa nje akuandikie, atakuuza. Katika wale mabinti wa ikulu waliokuwa kwenye njama, mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa anajua kuandika. Kwa hiyo Salme akawa katibu wa mapinduzi. Wakubwa wanakutana usiku, wanaamua, na yeye anaandika kwa mkono wake, barua za kuwaita watu na za kutafuta silaha na baruti. Miaka michache tu nyuma mkono huo huo ulikuwa unaiga alifu na bee kwenye mfupa wa ngamia.

Mimi hapa huwa najiuliza kama aliona fahari. Nadhani aliona. Umri wa miaka 15, dada unayemwabudu amekaa pembeni anakuangalia unavyoandika, watu wazima wanasubiri umalize sentensi. Hiyo ni siku ambayo kipanga yeyote angeilipia.

Mambo yakaharibika haraka. Majid akagundua, akaizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Sasa sikia walivyomtoa. Mabinti wa ikulu, Khole na Salme wakiwemo, wakatoka usiku na kundi la wanawake wakiwa wamejifunika gubigubi, wakawapita askari na kuingia ndani. Askari angefanyaje, awafunue mabinti wa Seyyid Said? Walipotoka, ndani ya lile kundi kulikuwa na mwanamke mmoja mrefu zaidi. Barghash, kavishwa kike. Huyu ndiye baadaye alikuja kuwa sultani akajenga Beit al-Ajaib, lile jumba la Forodhani ambalo upande wake uliporomoka Desemba 2020. Ukipita pale kumbuka kuna usiku mwenye jumba alitembea amevaa buibui la dada zake. Sawa, sio buibui la leo, ila mmenielewa.

Akakimbilia shamba linaitwa Marseille, kundi lake likajikusanya na kujenga ngome huko. Majid akaenda na jeshi, Waingereza wakamsaidia. Mamia ya watu wakafa. Barghash akarudi mjini kwa kificho, Waingereza wakamkamata, akapelekwa Bombay.

Mamia ya watu. Wengi wao hawakuwa na hisa yoyote kwenye ugomvi wa watoto wa sultani, na wao pia hawana majina. Ziliwaita barua zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Majid alishauriwa awaadhibu dada zake akakataa. Unaweza kusema ni udhaifu, mimi nasema alikuwa mtu. Salme akajitenga na mji, akaenda kukaa mashambani, Kizimbani kisha Bububu kando ya bahari. Ikafika siku Majid akataka ile nyumba ya Bububu apewe balozi wa Uingereza, na Salme, akijua deni alilonalo kwa kaka yake, akaitoa. Wakapatana. Na hapo ndipo Khole alipomwacha.

Kwa Khole hiyo ilikuwa usaliti. Umepatana na adui, umempa Mwingereza nyumba, wale wale waliotupiga? Salme akajikuta amegeuziwa mgongo na mtu ambaye kwa ajili yake alimsaliti kaka yake. Kundi zima la zamani likamnunia. Tafakari hesabu hiyo vizuri. Majid, aliyekosewa, ndiye aliyesamehe. Khole, aliyepewa kila kitu, ndiye aliyefunga mlango.

Mnaojua habari za Bibi Salme mnajua zaidi hiki kinachofuata, kwa hiyo nitakipitia mbiombio. Akarudi mjini, mpweke, jirani yake akiwa mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba zao zilikuwa zinatazamana kibarazani, wakapendana, akapata mimba. Agosti 1866 akatoroshwa usiku kwa meli ya kivita ya Uingereza, Highflyer, mpaka Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, mwaka 1867 akabatizwa jina la Emily, akafunga ndoa, wakaondoka kwenda Hamburg. Yule mtoto wa kwanza hakuishi. Wakapata wengine watatu. Mwaka 1870 mumewe akaanguka kwenye tramu, akafa. Salme ana miaka 26 kwa wakati huo hata haijatimia, mjane, watoto watatu, baridi, lugha ya watu.

Mwaka huo huo wa 1870 Majid alifariki na Barghash akawa sultani.

Ukisoma haraka utasema basi, ametoboa, aliyemwandikia barua zote zile sasa ndiye mwenye nchi. Mwaka 1875 Barghash akaenda London kwa ziara ya kifalme. Salme akakimbilia London ili aonane naye. Waingereza wakamzuia, wakambembeleza kwa ahadi asiende kumsumbua mgeni wao. Mwaka 1885 akaja mwenyewe mpaka Unguja na meli za Wajerumani, miaka 19 tangu atoroke. Watu wa mji walimlaki, walimfuata mitaani. Barghash akakataa kumwona. Alikuwa ndani ya jumba lake, dada yake yuko bandarini, na hakutoka. Wajerumani nao walikuwa wanamtumia kama kete kwenye mchezo wao na sultani, walipopata walichotaka wakaachana na madai yake. Kwa mara nyingine watu wakubwa walimweka Salme mbele na kumwacha huko huko.

Khole hakuwepo tena. Alifariki mwaka ule ule wa 1875, Salme akiwa Ulaya. Hakuna kupatana tena.

Ila kalamu alikuwa nayo. Ujerumani alianza kuandika habari za maisha yake kwa ajili ya watoto wake, akiwa na hofu atakufa kabla hawajakua wakamfahamu mama yao ni nani. Akaandika kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani, kwa herufi ambazo hazikuwa zile za kwenye mfupa. Miaka kama tisa baadaye, mwaka 1886, kikatoka kitabu huko Berlin. Unajua maana yake? Mwanamke aliyekatazwa kushika kalamu akatoa kitabu kuhusu maisha yake kwa jina lake, wakati wanaume karibu wote wa ukoo wake, masultani na wapindua masultani, tunawasoma kupitia yeye. Ule mnazi, ule mkuki mguuni, mwanamke mwenye sauti tumboni, Barghash kwenye nguo za kike, tunavijua kwa sababu kuna mtoto mmoja alijificha na mfupa wa ngamia.

Na Khole tunamjua kwa sababu hiyo hiyo. Angebaki jina kwenye orodha ya mabinti wa Seyyid Said. Ni yule mdogo aliyemnunia ndiye aliyetuachia uso wake, kicheko chake na funguo zake. Salme angeweza kulipiza humo ndani, mwandishi ni yeye na Khole hawezi kujibu. Hakulipiza. Alimwandika kama vile bado anakaa naye Beit al-Tani na bado anasubiri asifiwe.

Aliishi Beirut miaka mingi, kisha akarudi Ujerumani, akafia Jena tarehe 29 Februari 1924, umri miaka 79. Walikuta amehifadhi mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao Hamburg kwenye kaburi la ukoo wa mumewe.

Jumba la makumbusho pale Forodhani lilikuwa na chumba chake. Ukienda Unguja, panda daladala ya Bububu ushuke Mtoni, magofu yapo kando ya bahari. Kuta za mabafu bado zimesimama sehemu sehemu. Ukifika pale waongozaji watakuonyesha kwa sultani palipokuwa, na kwa mke mkubwa. Mimi ningewauliza watumwa waliosoma walikuwa wanalala upande gani.